Mshabiki wa Ugenini ni Mgeni Wetu

Mshabiki wa kandanda akiulizwa juu ya safari yake ya kwanza ya kuifuata timu yake nje ya mji, mara nyingi hawezi kutaja kwa hakika ni nani aliyefunga bao, wala katika dakika ya ngapi. Atakalolikumbuka bila kusita ni njia: lori alilolipanda, mvua iliyomnyeshea, kuku wa kuchoma aliyemnunua Namawojjolo, kizuizi alichosimamishwa, na mtu mwenye sare aliyemsimamisha. Jambo hili tunaliona kuwa zito kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu mtu huyo mwenye sare ni sisi, ndugu askari na polisi.

Kwa mfano wa maneno haya tumeitazama Kasubi. Kilima hicho cha Kampala kinajulikana duniani kwa makaburi ya wafalme wanne wa Buganda, ambayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, yakaungua moto Machi 16, 2010, na baada ya kujengwa upya yakaondolewa mwaka 2023 katika orodha ya mahali palipo hatarini. Lakini chini ya makaburi hayo pana soko, pana vituo vya taksi na bodaboda, na panapita Barabara ya Hoima iendayo Nansana, Wakiso, Kakiri, Busunju na Kiboga. Viwanja vya Nakivubo na Wankulukuku haviko mbali. Kwa hiyo Kasubi ni mahali pa washabiki wa kila rangi, na mahali ambapo safari nyingi za ugenini huanza alfajiri, watu wakichanga nauli na kuhesabiana kabla ya basi kuondoka.

Wazee wa vitongoji vya namna hiyo wanayo mengi ya kusimulia. Katika miaka ya 1970 ugenini kulikuwa Jinja, Kakira, Mbale au Tororo. Kijana ambaye hajawahi kuvuka Mto Nile aliuvuka kwa mara ya kwanza juu ya bwawa la Owen Falls, akiwa amesimama katika lori na kitambaa cha rangi ya timu yake kichwani. Waganda husema kwamba asiyetembea humsifu mama yake tu kuwa ndiye mpishi. Kandanda liliwatembeza vijana wengi waliokuwa hawana shamba wala jamaa katika mikoa mingine, likawaonyesha kwamba nchi yao ni kubwa kuliko kilima walichozaliwa.

Majeshi nayo yalikuwa na sehemu yake ya heshima. Simba, timu ya jeshi, ilikuwa bingwa wa Uganda mwaka 1971, na mwaka 1972 ikafika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea kwa mabao 4 kwa 2 mjini Conakry na 3 kwa 2 mjini Kampala. Polisi walikuwa mabingwa wa ligi mwaka 2005. Hayo ni mafanikio ya kujivunia, na timu hizo zimekuwa na washabiki wake waaminifu.

Hata hivyo ukweli hauna budi usemwe wote. Mwaka 1977 klabu ya Express, ambayo wapenzi wake huiita rafiki wa wengi, ilipigwa marufuku na serikali ya Idi Amin, ikarejea baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979. Katika hali kama hiyo mshabiki wa timu ya raia, akienda kutazama mechi dhidi ya timu ya wenye bunduki, alijifunza kushangilia kwa kipimo, akitazama kwanza ni nani aliyeketi nyuma yake. Si mchezo tena, ikiwa mtu anaogopa bao la timu yake mwenyewe.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo maneno mawili ya Kiswahili, panda gari, yalikuwa jina la misako ya kuwazoa raia mitaani mwa Kampala na kuwapakia katika malori. Wengine hawakurudi kwao. Tuyafikirie maneno hayo. Kiongozi wa washabiki huyatamka kwa furaha, akiwahimiza wenzake wasichelewe: pandeni gari, twende zetu Jinja. Mwenye bunduki aliyatamka kwa namna nyingine, na mama aliyeyasikia alianza kulia. Lugha ni ile ile na lori ni lile lile. Iliyotofautiana ilikuwa nia ya msemaji.

Ndiyo sababu mzee fulani wa Kasubi hukunja uso hata leo anaposalimiwa kwa Kiswahili. Wengi hudhani kwamba anaidharau lugha hiyo kwa kujivunia Kiganda. Sisi hatudhani hivyo. Kiswahili chake cha kwanza kilikuwa simama, kaa chini, lete kitambulisho, na hakuna aliyekuja baadaye kumfundisha karibu, pole, na safari njema. Lugha hii tunayoitumia kambini na vituoni, ambayo baraza la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, haitapendwa kwa amri. Itapendwa siku ambayo mwananchi ataisikia kwa askari ikimwelekeza njia.

Wala hatusemi kwamba sare imeleta kumbukumbu mbaya tu. Tuitazame njia ya kaskazini. Wakati wa vita vya waasi wa Lord's Resistance Army palikuwa na miaka ambapo gari la abiria halikuthubutu kupita kati ya Karuma na Pakwach bila kusindikizwa na askari, na mabasi yalishambuliwa, watu wakauawa. Katika miaka hiyo nani angepanga safari ya kwenda Arua kwa ajili ya kandanda? Lakini mwaka 2016 Onduparaka ya Arua ilipopanda ligi kuu, washabiki wake walisafiri kilomita zipatazo 500 hadi Kampala kwa mabasi, wakiimba njiani, na washabiki wa Kampala nao wakaifuata njia hiyo hiyo kwenda West Nile, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Askari aliyelala porini Karuma bila shaka hakujua kwamba alikuwa akiwafungulia njia watu wenye ngoma na vuvuzela. Naam, aliwafungulia. Amani haina kipimo kilicho wazi kuliko basi la washabiki linalosafiri usiku, likiwa limeshindwa mabao mawili, na abiria wake wamelala usingizi.

Yuko atakayetujibu kwamba tunawadekeza watu, na kwamba umati ni umati. Hoja hiyo ina uzito wake. Julai 11, 2010, magaidi walilipua mabomu mahali pawili mjini Kampala, Kyadondo na Kabalagala, ambapo raia walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye televisheni, na watu zaidi ya 70 wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo hakuna mwenye akili atakayeuliza kwa nini mfuko wake unapekuliwa langoni. Tena wako washabiki wanaokuja wamelewa, wanaotupa mawe, na wanaomwandama mwamuzi hadi mlangoni. Sheria iwashike hao. Tunalolitaka ni kwamba upekuzi ufanywe kwa namna ambayo mpekuliwa atajua analindwa, na kwamba kosa la mtu mmoja lisilipwe na jukwaa zima.

Kwa maana madhara ya kukosea katika jambo hili hayahesabiki kwa mabao. Mei 9, 2001, katika uwanja wa Accra, uwanja ule ule ambao timu yetu ya taifa ilichezea fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978 na kushindwa na Ghana mabao 2 kwa 0, washabiki wa Asante Kotoko waliosafiri kutoka Kumasi walikasirishwa na kushindwa na Hearts of Oak, wakaanza kung'oa viti na kuvitupa. Polisi walijibu kwa mabomu ya machozi. Watu walikimbilia milango, na baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Walikufa watu 126, na tume ya uchunguzi iliwalaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Wengi wa waliokufa hawakuwa wametupa kitu.

Port Said, nchini Misri, lilitokea kosa la upande wa pili. Februari 1, 2012, mechi ya Al Masry na Al Ahly ilipokwisha, wenyeji walivamia jukwaa la wageni waliotoka Cairo. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa, na polisi waliokuwapo hawakufanya la maana kuwazuia wavamizi. Watu zaidi ya 70 walikufa. Basi Accra polisi walitenda kupita kiasi, na Port Said hawakutenda walilopaswa. Katika misiba yote miwili mlango ulikuwa umefungwa, na katika yote miwili mshabiki aliyetoka mbali ndiye aliyenaswa.

Yatupasa kulifahamu jambo hili kama tunavyofahamu ardhi ya vita. Mshabiki wa nyumbani anaujua uwanja: anajua ukuta ulio mfupi na kichochoro kinachotokea sokoni, na akizidiwa anakwenda kwa shangazi yake mtaa wa pili. Mshabiki wa ugenini hajui kitu. Ana mlango mmoja, basi moja, na njia moja ya kurudi. Shuleni kwetu makadeti tulifundishwa kwamba adui asiyeachiwa njia ya kutokea hupigana hadi mwisho. Ikiwa hivyo ndivyo kwa adui, itakuwaje kwa raia mwenye hofu, ambaye si adui wa mtu yeyote?

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo machache, yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, basi la wageni likiingia mjini, lipokewe na ofisa mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye atawaonyesha mahali pa kuegesha, langoni pao na msala ulipo, na ambaye ndiye watakayemtafuta wakipatwa na shida. Pili, kila mlango wa jukwaa la wageni uwe na mtu mwenye ufunguo, asimame hapo tangu mpira kuanza hadi mshabiki wa mwisho atoke. Ufunguo uliomo mfukoni mwa mtu aliyekwenda kunywa chai ni sawa na ukuta. Tatu, bomu la machozi lisirushwe kamwe katika jukwaa lililojaa watu. Kanuni za usalama za FIFA zenyewe zinakataza gesi ya namna hiyo uwanjani, na sababu yake ilionekana Accra. Nne, mwenye kutupa jiwe akamatwe yeye, kwa mikono ya askari waliofundishwa kuingia katika umati wawili wawili, na jirani yake aachwe atazame mpira. Tano, basi likiwa njiani usiku, kizuizi kiwe na taa, na neno la kwanza la askari liwe salamu.

Viongozi wa washabiki nao wana deni lao. Waandike orodha ya wasafiri wao, wawakatae walevi kabla ya basi kuondoka Kasubi, na wawape polisi habari za safari mapema. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, nao walimaanisha mgeni ajaye na heri, si ajaye na mawe.

Shabaha yetu haiko mbali. Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, yaliyoandaliwa na nchi hizo hizo, tuliona huko Nairobi watu wasio na tiketi wakivunja njia hadi shirikisho la Afrika likapunguza idadi ya watazamaji waliokubaliwa uwanjani Kasarani. Lilikuwa onyo kwetu sote. Mashindano makubwa kuliko hayo yatamaanisha mabasi kutoka Busia, Malaba na Mutukula. Naam, Mutukula ile iliyopitwa na vifaru mwaka 1979. Watakaoshuka humo watakuwa vijana walio katika safari yao ya kwanza ya ugenini, wasiojua Kiganda, wasioujua mji, ila wanajua Kiswahili, nacho kwa bahati njema ndicho tunachokijua sisi.

Timu yao ikishinda au ikishindwa, baada ya miaka thelathini watawasimulia watoto wao habari za askari wa kwanza wa Uganda waliyekutana naye. Simulizi hiyo haitaandikwa na gazeti hili wala na ofisi yetu ya uhusiano. Itaandikwa usiku, kando ya barabara, na koplo mmoja mwenye tochi, na maneno yake ya kwanza yatatosha kuwa utangulizi. Basi ayachague vema.