Kigingi, Leseni na Bunduki

Kampuni ndogo ya kutafuta almasi kwa kawaida haina mgodi, wala haina almasi ya kuuza. Mali yake ni karatasi: leseni isemayo kwamba katika eneo fulani, kwa muda fulani, ni yeye na si mwingine mwenye haki ya kutafuta. Ndiyo sababu kampuni hizo hushindana kwa ukali. Ndugu zetu wanajeshi na polisi yafaa walielewe jambo hili, kwani ugomvi wa karatasi usipoamuliwa ofisini huishia mikononi mwao.

Novemba 1991, kampuni ndogo iitwayo Dia Met pamoja na mshirika wake mkubwa, BHP, zilitangaza kupata vipande 81 vya almasi katika kilo 59 za mwamba karibu na ziwa Lac de Gras, kaskazini mwa Kanada. Baridi ya huko yaweza kuua mtu. Hata hivyo wapinzani wao walikodi helikopta wakakimbilia kusimika vigingi katika ardhi iliyoganda. Aber, nayo kampuni ndogo, iliwahi eneo la jirani, na hapo ndipo ulipofunguliwa mgodi wa Diavik mwaka 2003. Aliyetangulia kusimika na kuandikisha ndiye aliyepata. Hakuna kikosi kilichoitwa kuamua.

Huko Marange, mashariki mwa Zimbabwe, mambo yalikwenda kombo. Leseni ya De Beers ilipokwisha mwaka 2006, kampuni ndogo ya African Consolidated Resources iliandikisha vitalu pale pale. Mwaka huo huo maelfu ya raia waliingia kuchimba, na serikali ikaiondoa kampuni hiyo. Mwishoni mwa 2008 jeshi lilipelekwa kuwatimua wachimbaji. Shirika la Human Rights Watch liliripoti vifo zaidi ya 200. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliipa kampuni ushindi. Mwaka 2010 hukumu hiyo ikatenguliwa. Maiti walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Askari anayetumwa kulinda eneo la madini ana haki ya kuonyeshwa ramani, pamoja na leseni yenye tarehe na jina la mwenyewe. Kamanda anayeuliza hayo hakaidi amri. Wizara za madini nazo zipeleke nakala ya daftari la leseni katika kila kituo cha polisi kilicho karibu na machimbo, na kuisahihisha kila leseni inapokwisha muda.