Trekta la Bustani Likichemka, Kava Lifunguliwe Kabla Mshahara Haujakatwa

Mvua ya Machi hadi Mei ikikolea, nyasi za Karen, Lavington na Loresho jijini Nairobi hukua kwa kasi ya kuchosha mashine. Nyingi ni zile zilizopewa jina la Wakikuyu, wenyeji wa nyanda zetu za juu, ambazo Australia na Afrika Kusini nazo zilizipanda kwa malisho na viwanja. Ni nene, zina maji mengi, na zikikatwa mbichi hunata kila mahali. Huo ndio msimu wa matrekta ya bustani kuchemka, na wa watunza bustani kulaumiwa.

Lawama hiyo mara nyingi haina msingi.

Injini nyingi za matrekta haya hazina radieta. Silinda imezungukwa na mapezi membamba ya chuma, na feni iliyo juu ya flaiwili huisukuma hewa ipite katikati yake. Kava la bati ndilo linaloilazimisha hewa kufuata njia hiyo. Ukilifungua kwenye mashine iliyofanya kazi misimu miwili bila kuguswa, mapezi huenda usiyaone kabisa. Utakuta vipande vya nyasi, vumbi jekundu na oili iliyovuja, vyote vimeokwa pamoja hadi vikashikana kama tofali. Pengine panya naye ameshajenga humo. Kimo cha Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kinazidisha tatizo: hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo feni ileile huondoa joto pungufu.

Wengine huling'oa kava na kuliacha nje wakidhani injini itapata upepo. Wanaiumiza. Bila kava hewa hutawanyika, na upande wa silinda ulio mbali na feni huzidi kuungua. Kumwagia maji injini yenye moto nako ni hatari, kwani chuma kinaweza kupasuka. Mashine ipoe kwanza, waya wa plagi uchomolewe, kisha uchafu ukwanguliwe kwa kijiti na brashi ngumu au upulizwe kwa kompresa. Watengenezaji wengi huagiza usafi huu kila saa 100 za kazi au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi penye vumbi.

Baada ya hapo ndipo mengine yaangaliwe. Oili ikipungua, joto hupanda upesi, maana oili nayo hupoza. Visu butu huilazimisha injini kuvuta kupita kiasi. Jeti ya kabureta iliyoziba hupunguza petroli ikilinganishwa na hewa, na injini huwaka kwa joto kali. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya igonge. Uchanganyaji wa mafuta ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji, ambayo wengi bado huiita Grogan, ina spea na mafundi wa kila aina. Lakini mwenye mashine akifika huko akiwa ameshaamua kwamba pistoni imekufa, atauziwa pistoni. Ipya nayo itachemka, kwa sababu uchafu uko palepale.

Gharama hiyo hutafutiwa mtu wa kuibeba, na mara nyingi ni mtunza bustani anayekuja kazini kwa miguu kutoka Kangemi au Kawangware. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Nyasi zilizoingia chini ya kava ambalo hakuna aliyemfundisha kulifungua si makusudi. Aliyekabidhiwa trekta bila brashi, bila spana, bila oili ya akiba, na bila nusu saa ya kulisafisha kila wiki, hana deni.

Waajiri wa Loresho na Karen wamnunulie vifaa hivyo kabla mvua haijaanza, na muda wa kusafisha uhesabiwe kuwa muda wa kazi, wenye malipo yake.