Asilimia 30 ya tenda: mstaafu wa jeshi Matambarale anaingilia mlango gani?

Serikali ni mteja mkubwa. Inanunua chakula cha wanafunzi, ulinzi, usafi, ukarabati wa zahanati. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi zake zitenge asilimia 30 ya manunuzi ya mwaka kwa makundi maalumu. Makundi hayo ni manne: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Mwanajeshi mstaafu hakutajwa.

Huku Matambarale, wilayani Ruangwa, habari za tenda si ngeni tena tangu mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo uanze. Habari za jeshi nazo si ngeni. Wilaya jirani ya Nachingwea ndiko wapiganaji wa FRELIMO walikofunzwa kwenda kuikomboa Msumbiji. Na kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, sasa anakaribia 70. Mtu kama huyo leo yuko shambani na korosho zake na ufuta, anasubiri pensheni kama anayo.

Huyu kidogo ana nafuu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, kwa hiyo anapita mlango wa wazee.

Anayekwama ni mdogo wake. Jeshini umri wa kustaafu unategemea cheo, na askari wa vyeo vya chini hutoka mapema. Chukua mwanaume aliyestaafu, sasa ana miaka 52, mzima wa afya. Si kijana, si mzee, si mwanamke, hana ulemavu. Kwenye ile asilimia 30 hana pa kusimama. Akigeukia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nako mgawo ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Huko hata mzee mwenyewe hayumo!

Halafu kuna simu. Tangu Oktoba 2023 tenda za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Binafsi naupenda, maana unapunguza zile safari za kwenda kumtafuta mtu ofisini. Lakini kikundi lazima kwanza kitambuliwe na taasisi inayokilea, kama halmashauri, kiwe na TIN na akaunti ya benki, ndipo kijisajili. Kwa wazee wengi kazi hiyo anafanyiwa mjukuu. Nywila anayo mjukuu. Mjukuu akihamia Dar, kikundi kimefungwa nje.

Tuseme milango yote imefunguka. Bado kuna swali ambalo naona halizungumzwi: kikundi hicho kitamuuzia serikali nini?

Sheria yetu inaangalia nani anauza. Haiangalii huduma inamfikia nani. Marekani nako ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa: serikali kuu ilijiwekea lengo la kuzipa asilimia 3 ya fedha za mikataba kampuni za wastaafu wa jeshi waliopata ulemavu wakiwa kazini, na mwaka 2024 lengo likapandishwa hadi asilimia 5. Mwenye kampuni anafaidika. Mstaafu asiye na kampuni, anayehitaji mtu wa kumpeleka hospitali, hilo lengo halimgusi moja kwa moja.

Hapo ndipo Matambarale inapopaswa kuangaliwa kwa makini. Kwa sera, mzee asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bure, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Ila dirisha liko kituoni, mzee yuko kijijini. Nauli ya bodaboda mpaka hospitali ya Ruangwa ni yake. Aliyelala kitandani anahudumiwa na mke au binti, bila malipo. Hakuna tenda inayotangazwa kwa kazi hiyo, kwa sababu hakuna fungu lake kwenye bajeti.

Sasa fikiria halmashauri ingeinunua huduma hiyo: kikundi cha wastaafu na wajane wao kilipwe kusafirisha wazee siku za kliniki na kuwatembelea wasiotoka ndani. Kazi ingeingia kwenye asilimia 30, na huduma ingemfikia anayeihitaji. Kwa wenye miaka 60 na zaidi haihitaji hata sheria mpya. Kwa yule wa miaka 52, Bunge lingelazimika kuongeza kundi la tano au kulipanua mojawapo ya haya manne.

Kuna hatari, tusijifiche. Fungu likitajwa tu, vikundi vya mfukoni vitaota: majina ya wazee mbele, tajiri mmoja nyuma. Ndiyo maana malipo yafungwe na idadi ya wazee waliofikishwa kliniki, wakiwa na saini ya kituo, badala ya cheti cha usajili peke yake.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi kadhaa kabla. Kwa wakazi wa Matambarale, swali la kumpelekea diwani ni jepesi: mwaka huu halmashauri imetenga nini kwa makundi maalumu, na wazee wamepata tenda ngapi?