Simu ya Mama Haijafa

Na Kabwe wa Kampemba

"Papa Kabwe, banasema telefone yangu ilikufa."

Jumanne jioni mama jirani yangu alisimama mlangoni, simu mkononi, noti 4 za dola 10 zimefungwa fundo kwenye ncha ya kitenge. Mwanawe aliye Kolwezi alimtumia repeta, kile kidude cheupe cha kuchomeka ukutani, ili wifi ya sebuleni ifike chumba cha nyuma anakolala. Kompyuta mpya ya mjukuu ilishika mara moja. Simu ikagoma. Muuzaji mmoja wa mjini aliitupia jicho tu, akamwambia imekufa, ni ya kizamani, nunua nyingine.

Nilikasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Dola 40 kwa mwanamke anayeuza makaa kwa ndoo ni jasho la siku nyingi. Na simu ile haikuwa na ugonjwa wowote!

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nitakachosema: kabla hujatupa kifaa, anza na waya, yaani na kilicho rahisi kukagua. Tukaketi. Je, jina la wifi linaonekana? Linaonekana. Basi mawimbi si tatizo. Simu nyingi za zamani husikia gigahezi 2.4 tu; kama repeta ingekuwa inarusha gigahezi 5 peke yake, jina lisingetokea kabisa. Neno la siri nililiandika mara 3, herufi kwa herufi. Simu inazunguka, inazunguka, inakataa. Nikaingia kwenye mipangilio ya repeta kwa kompyuta ya mjukuu, nikakuta imefungwa kwa WPA3 pekee, kufuli la wifi lililotangazwa mwaka 2018. Simu ya mama ni ya kabla ya hapo. Inalijua WPA2, kufuli la 2004. Nikachagua mstari unaokubali yote mawili. Repeta ikazimika, ikawaka, na huku tukiombea umeme wa SNEL usikatike, simu ikashika.

Boksi la repeta limeandikwa Kiingereza na Kichina. Mama anasoma Kifaransa na Kiswahili. Nani alitegemewa amsomee, kama si aliyesimama nyuma ya meza ya duka?

Fundi baiskeli wa Katuba hakuambii utupe baiskeli kabla hajagusa valvu. Muuzaji wetu hakubonyeza hata kitufe kimoja, kwa sababu simu mpya ina faida na kubadili mstari mmoja hakuna. Sababu ni hiyo tu.

Usiku ule mama aliongea na mwanawe kwa video, akiwa kitandani mwake. Alipomaliza akafungua fundo, akahesabu noti zote 4, akafunga tena.

Jumamosi ninakwenda naye dukani pale. Atashika simu yake ile ile, na muuzaji amwambie tena, mbele yangu, kwamba imekufa.