Waya wa Dishi Usifungwe kwa Kubahatisha

Kila msimu, malipo ya kahawa yanapowafikia wakulima wa milima ya Umatengo, mabati mapya huonekana juu ya nyumba, na pembeni mwa mabati hayo huonekana madishi ya televisheni. Hali ni hiyo hiyo ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ambako fedha za usipa ndizo hununua chombo hicho. Hayo ni maendeleo, na hatuna sababu ya kuyakejeli. Lakini baina ya dishi lililo nje na televisheni iliyo sebuleni kuna kitu ambacho mnunuzi aghalabu hakiulizii. Kitu hicho ni waya.

Iko haja ya kukumbuka tulikotoka. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliamua kungoja. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliona kwamba chombo hicho kingekuwa starehe ya wachache wa mjini, inayolipiwa kwa jasho la wengi wa vijijini, ilhali redio iliweza kumfikia mkulima popote alipo. Vituo vya kwanza vya Bara, vilivyokuwa vya watu binafsi, vilianza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikaanza mwaka 2000. Hoja ile ya zamani haikufa, bali imebadilika sura. Siku hizi wakulima wengi wanamudu dishi. Swali lililobaki ni kama wanapata haki ya fedha waliyolipa.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo yake ya analojia, na sehemu nyingine za nchi zikafuata. Ving'amuzi vya antena hutegemea minara ya ardhini, na mawimbi ya minara hiyo huzuiwa na milima. Mbinga ni nchi ya vilima na mabonde. Ufuko wa wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, uko chini zaidi, kwenye mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, na milima imesimama mgongoni mwake kama ukuta. Ndiyo maana wengi wa huku wamekimbilia dishi, ambalo hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja kutoka angani.

Shida hiyo haikuanzia kwetu. Mwaka 1948, katika mji wa Astoria, jimbo la Oregon, Marekani, Ed Parsons aliweka antena juu ya paa la hoteli, akanasa matangazo ya Seattle yaliyokuwa mbali, kisha akayafikisha nyumbani kwake na kwa majirani kwa waya wa koaksia. Juhudi za namna hiyo ndizo zilizozaa televisheni za waya duniani. Tunachojifunza kwa watu wa Astoria ni kwamba kunasa matangazo ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuyafikisha ndani ya nyumba yakiwa mazima.

Waya wa koaksia, ambao wengi huuita waya wa dishi, una uzi wa shaba katikati, utando wa plastiki unaouzunguka, wavu wa madini juu ya utando huo, na ganda la nje. Kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja. King'amuzi hupandisha umeme mdogo wa volti 13 au 18 kwenda kwenye kichwa cha dishi, na kichwa hicho huteremsha matangazo. Kwa hiyo, unyuzi mmoja tu wa wavu ukigusa uzi wa katikati, umeme huo hukatika njiani na king'amuzi chaweza kuharibika.

Tena kila waya hula sehemu ya nguvu unayoibeba. Waya mzuri wa aina ya RG-6, katika masafa ya megahezi 1,000, hupoteza takriban desibeli 20 katika kila mita 100. Maana yake ni kwamba kila mita 15 hivi hupunguza nguvu kwa nusu. Waya mwembamba wa bei nafuu hupoteza zaidi. Zamani upungufu huo ulionekana kwa picha yenye chenga, na mtazamaji akavumilia. Katika dijitali hakuna chenga: picha huwa safi, kisha hukatika ghafla.

Kosa kubwa zaidi hufanyika mwenye nyumba anapotaka televisheni ya pili chumbani, au mwenye nyumba ya wageni anapotaka vyumba vyote vione. Fundi asiyejua hukata waya, akausokota kwa mwingine na kuuzungushia gundi ya karatasi. Kiungo cha namna hiyo hurudisha mawimbi yalikotoka na kuharibu hata televisheni ya kwanza. Ving'amuzi viwili vinavyotumia waya mmoja hugombania kichwa cha dishi, kwa sababu kimoja chaweza kutaka volti 13 wakati mwenzake anataka 18. Dawa yake ni kichwa chenye matundu mawili, na kila king'amuzi kipewe waya wake. Ikiwa king'amuzi ni kimoja, matangazo yake yaweza kugawanywa kwa kigawanyaji halisi baada ya kutoka kwenye king'amuzi, na mwenye nyumba aambiwe mapema kwamba vyumba vyote vitaona chaneli moja. Ama anayetaka kuvusha waya hadi kwa majirani na kuwatoza fedha, huyo ameingia katika biashara ya televisheni ya waya, inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kahawa hulipwa wakati wa kiangazi, na madishi hufungwa wakati huo huo. Kazi mbovu haijulikani mpaka mvua inyeshe. Kiungo kisichofunikwa huingiza maji, maji hutambaa ndani ya wavu, shaba ikaota kutu ya kijani. Fundi mwenye akili huuacha waya ulegee na kushuka kidogo kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi sebuleni.

Mvua hizo huja na radi, na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la starehe na kuwa la uhai. Nguzo ya chuma iliyosimama juu ya kilima, ikiwa na waya unaoingia ndani walimo watoto, ni mwaliko kwa radi. Nguzo hiyo lazima iunganishwe na ardhi kwa waya mnene, pamoja na ardhi ya umeme wa nyumba. Hata hivyo waya wa ardhi hauzuii radi yote. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa king'amuzi kwenye umeme na kwenye dishi. Radi ikishaanza kunguruma, usikiguse tena.

Haya yote yanafundishika. Chuo cha VETA Songea na halmashauri za Mbinga na Nyasa zaweza kuandaa mafunzo mafupi kwa vijana wanaofanya kazi hii tayari, kwani wengi wao hawakosi bidii bali wamekosa mwalimu. Vyama vya msingi vya ushirika navyo vyaweza kuwatangazia wanachama majina ya waliohitimu, wakati wa malipo, fedha zikiwa bado mkononi.

Naye mwananchi asione haya kuuliza kabla ya kulipa: waya huu ni wa aina gani, viungo vimefunikwa kwa nini, waya wa ardhi uko wapi? Fundi anayekasirishwa na maswali hayo asipewe kazi. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na gharama ya waya mbovu yaweza kuzidi ile ya waya mwingine.