"Changamkia Fursa Uarabuni" Siyo Sera ya Ajira

Makamanda, kuna kauli imegeuka wimbo: "Kijana, acha kulialia, changamkia fursa nje." Leo tuijibu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana digrii ya ualimu, masomo yake Kiingereza na Historia. Ajira zikitangazwa anaomba. Miaka minne, hola. Akajitolea shule ya kata, darasa moja watoto zaidi ya mia, posho ya michango ya wazazi elfu sabini kwa mwezi. Yaani kazi ipo, mwalimu yupo, watoto wapo. Kisichokuwepo ni serikali.

Mwaka juzi akapata shule binafsi Muscat. Mama mkubwa akauza kiwanja ili alipie wakala, kuhakiki vyeti na nauli. Mkataba aliosaini Dar ulisema "mwalimu wa Kiingereza". Alipofika akawekewa mwingine wa Kiarabu: mwalimu msaidizi, mshahara nusu. Mwenzake mwenye pasipoti ya Uingereza anafundisha darasa lilelile, analipwa mara tatu. Dada akauliza, akajibiwa Kiingereza siyo lugha yake ya kuzaliwa. Na pasipoti yake? Kabatini kwa mwajiri.

Sasa twende kwenye sheria. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi bila ridhaa yake ya maandishi. Na tangu Januari 2021, mkataba ukiisha, mfanyakazi mgeni anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza. Dada hakujua hata moja. Hiyo ridhaa aliisaini mwenyewe, ndani ya rundo la karatasi asizoweza kuzisoma. Nani alipaswa kumwambia kabla hajapanda ndege? Mimi nimeyasoma haya hosteli, kwa bando la buku!

Machawa watasema, "Si alikwenda mwenyewe?" Ndiyo, na ni haki yake. Wala hatuna ugomvi na Waomani; Muscat unapanda teksi, dereva anakujibu Kiswahili safi. Ugomvi wetu ni na serikali yenye madarasa yasiyo na walimu, inayowasindikiza walimu wake uwanja wa ndege, kisha inajisifia pesa wanazotuma nyumbani.

Ibara ya 22 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Imeandikwa kwenye sehemu ya haki, siyo kwenye hotuba ya kampeni.

Kwa hiyo tunadai: walimu waajiriwe. Anayekwenda nje asomewe mkataba wake kwa Kiswahili, na nakala ibaki serikalini kabla hajasafiri. Mkataba ukibadilishwa huko, wakala aliyempeleka afutiwe leseni na arudishe hela.

Mkataba wa dada unaisha mwezi wa nane. Nimemtumia vile vifungu WhatsApp, nikamtafsiria kimoja kimoja. Kazi ya serikali nzima imefanywa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Sambaza. Kuna mwalimu yuko kwa wakala sasa hivi, ameshika kalamu.