Barua Pepe kwa Kalamu ya Wino

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari ya pwani, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalisahau. Nilikuwa nimelipa darasa zoezi la insha ya kiuamilifu: andika barua pepe ya kuomba kazi. Akachora mstatili kwenye karatasi, akaandika "Kwa", "Kutoka" na "Mada", kisha akainua kalamu: "Mwalimu, hii a yenye mkia yaanzwa kuandikwa wapi?" Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwani nilitambua kwamba nilikuwa nikimfundisha kuchora barua pepe wala si kuiandika. Tarakilishi zilikuwapo shuleni humo. Zilikuwa katika chumba chenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa somo jingine, lifundishwalo kwa lugha nyingine.

Hoja ya makala haya ni kwamba stadi za kazi ambazo watu wanalilia zifundishwe tayari zimo ndani ya somo letu la Kiswahili, ila tumezifunga kwenye karatasi. Swali la kwanza la karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni la lazima na lina alama 20. Aghalabu huhitaji wasifukazi, kumbukumbu za mkutano, ripoti, barua rasmi, mahojiano au barua pepe. Haya ndiyo mambo anayotakiwa kuyajua kijana anayetafuta ajira. Hakuna somo jingine la lazima nchini Kenya linaloyafunza kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi huhitimu akiwa ameandika wasifukazi mara kumi kwa mkono na hajawahi kuupiga chapa hata mara moja.

Nichukue mfano wa Kipungani, kijiji kilicho upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, kinachofikiwa kwa chombo au kwa miguu. Wenyeji wake ni wavuvi, na ususi wa mikeka ya miaa ndio uliokipa kijiji hiki sifa. Mtoto anayetoka huko hahitaji kufundishwa Kiswahili cha mazungumzo. Angeweza kutufundisha sisi. Lakini akiingia katika chumba cha tarakilishi hupewa fasili za Kiingereza azikariri, kana kwamba mashine hiyo haina uhusiano wowote na kazi anayoiona nyumbani kwao.

Sasa tumwekee mbele lahajedwali na kumwambia aingize mkeka wa mama yake. Safu moja ya miaa, moja ya rangi, moja ya siku za kusuka ukili na kuushona, na ya mwisho ya bei. Tuseme mkeka umeuzwa shilingi 1,800, miaa na rangi zimegharimu 600, na kazi imechukua siku 12. Fomula moja fupi itamwonyesha kwamba mama amepata shilingi 100 kwa siku. Mtoto huyo atakuwa amejifunza mambo mawili kwa pamoja, na la pili huenda likampa mama maneno ya kumwambia mnunuzi.

Au tuchukue neno "hifadhi", tulitumialo katika tafsiri za programu. Mtoto wa Lamu amelijua tangu chuoni, yaani madrasani. Maandishi ya ubaoni huoshwa yakatoweka, lakini aya iliyohifadhiwa hubaki. Mwalimu akisema kwamba yaliyo kwenye kiwambo ni kama ya ubaoni, na umeme ukikatika yataondoka yasipohifadhiwa, somo zima la kumbukumbu ya muda na kumbukumbu ya kudumu limekwisha kueleweka kwa dakika tano. Je, kuna fasili ya Kiingereza itakayofanya kazi hiyo upesi hivyo?

Suala hili si la mapenzi ya lugha tu. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi huo. Bahari iliyokuwa ajira ya baba imebadilika, na ajira mpya za ofisini hupitia njia nyingine. Tangu 2014 huduma za serikali zimekuwa zikihamia kwenye mfumo wa eCitizen. Nafasi za vyuo na mikopo ya elimu pia huombwa mtandaoni. Asiyekuwapo na lake halipo, na siku hizi kutokuwapo ni kutojua kuambatisha cheti kwenye fomu.

Nitapingwa kwamba mwajiri anataka Kiingereza, na kwamba mtihani wa masomo ya tarakilishi hufanywa kwa Kiingereza. Ni kweli, nami sisemi kijana anyimwe lugha hiyo. Nasema aielewe dhana kwanza kwa lugha anayoota kwayo, kisha afundishwe majina yake ya Kiingereza, kama mvuvi anavyojifunza jina la mashine ya boti baada ya kujua inavyowaka.

Lawama kubwa, waama, ni yetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tumekesha tukibishana: ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Ni kipanya au puku? (Mimi mwenyewe nimewahi kutetea "puku" kwa saa nzima, na sijui nilikuwa nikimtetea nani.) Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitenda: mwaka 2004 mradi wao wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, bila malipo. Katika shule nilizopitia sikuikuta kwenye mashine hata moja, wala sikukutana na mwalimu aliyeisikia. Istilahi ziliundwa zikabaki bila darasa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza 2017, umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi katika masomo yote, Kiswahili kikiwamo. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 nalo lina mtihani wake mwaka 2027. Basi chama chetu kiandae kijitabu kidogo cha mazoezi, tuseme kurasa ishirini, chenye wasifukazi, kumbukumbu za kikundi cha wavuvi na hesabu ya mkeka, vyote vya kufanywa kwenye tarakilishi. Nasi tutakaokwenda mazoezini muhula ujao tukiombe kipindi kimoja kwa juma, pamoja na ule ufunguo. Zoezi la kwanza liwe barua pepe ya kweli, itumwe kwa mwenzao wa shule nyingine, na ijibiwe.